Mama na Wilfred San Antonio

Kaka yangu Wilfred aliishi Gulfton, mtaa wa Houston, Marekani, miaka kumi na tisa, akihudumia wazee majumbani mwao. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwasikiliza wakirudia habari zilezile. Kanisani aliimba besi. Figo zake ziliposhindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na akatukataza kumwambia mama kule Marangu. Kwetu mtoto aliye ng'ambo hamtangazii mzazi ugonjwa. Mzazi atafanya nini zaidi ya kulia?

Mwaka jana mama alipata viza, akaja Houston kututembelea mimi na Wilfred. Agosti ile yote Wilfred alivaa mashati ya mikono mirefu, mama asije akaona mkono uliovimba kwa sindano. Siku za kliniki alimwambia anakwenda kazini.

Mama alitaka kuona mji wa kale, maghorofa yalikuwa yamemchosha. Jumamosi moja Wilfred akatuendesha hadi San Antonio. Ilikuwa siku yake ya kusafishwa damu. Nilimwomba pembeni tuahirishe. Akasema Jumapili mama hasafiri, na siku nyingine mimi nipo kazini; kliniki atakwenda Jumatatu.

Tuliona kanisa la mawe la wamisionari wa Kihispania, kisha tukatembea kando ya mto unaopita katikati ya mji. Mama alipowaona watalii wakipiga picha ukuta uliobomoka, aliuliza kama na banda lake la ng'ombe wangelipandia ndege. Wilfred alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akaketi kwenye benchi.

Mama akafungua mkoba, akatoa maji na ndizi mbivu. Mtu ambaye figo zake zimekufa akila ndizi, moyo wake unaweza kusimama. Wilfred alilijua hilo, nami nililijua. Mama akamenya ya kwanza.

"Kula, baba. Umekonda sana."

Nikasema ameshiba. Mama akaniuliza kama nimeanza kumwonea wivu kaka yangu uzeeni.

"Ndeshi, acha," Wilfred akasema taratibu. "Ni mama ananilisha."

Alikula tatu, akanywa chupa nzima ya maji.

Wakati wa kurudi mikono ilimlegea kwenye usukani. Aliwahi kuegesha gari kando ya barabara. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipomchana shati, mama aliuona ule mkono. Moyo wa Wilfred ulisimama kabla hatujafika hospitali.

Usiku ule nilimweleza mama habari za figo. Ndizi sikuzitaja. Tukamsafirisha Wilfred, tukamzika Marangu, nami nikarudi Houston. Kila aliyekwenda kutoa pole, mama alimsimulia ule mji, na jinsi alivyomshukuru Mungu kwamba mwanawe aliondoka akiwa amekula kutoka mkononi mwake.

Juzi alinipigia simu. Mke wa mwinjilisti naye ameanza kusafishwa damu, na mama alikwenda kumwona.

"Ndeshi, amekataa ndizi zangu. Anasema daktari amemkataza. Ni kweli?"

Sikuweza kumdanganya tena. "Ni kweli, mama."

Akasema tusali. Tulianza Baba Yetu pamoja. Tulipofika pale pa kuomba chakula, sauti yake ikakatika, nikamalizia peke yangu.