Mpima Upepo wa Coyhaique

Siku Belarmino alipomwona mara ya kwanza, yule mpima upepo alikuwa amepiga magoti, akipitisha mgongo wa kiganja kilicholowa maji chini ya dirisha ambalo Belarmino, fundi wa madirisha, alikuwa ameziba nyufa zake. "Kazi safi, fundi," alisema kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Haipenyi hata pumzi. Ila lile tundu la ukutani usiliguse." Katika kila nyumba ya Coyhaique, mji wa baridi kusini mwa Chile, alifanya hivyohivyo. Alifunga feni yake mlangoni, akasoma mita kuona nyumba inavuja hewa kiasi gani, akanywa chai chungu aliyokaribishwa, kisha akatia vidole kwenye tundu la hewa na kuchomoa soksi au sufu ya kondoo iliyosokomezwa humo. Aliiweka mezani. "Mama Upepo kaja kutuibia joto," majirani walimtania, naye alicheka nao.

Katika baridi ya Julai moshi ulizidi mjini, majiko ya kuni yakapigwa marufuku siku tatu, watu wakaingiza ya mkaa ndani. Asubuhi ya tatu jirani mmoja, Bibi (Doña) Clorinda, alikutwa kitini nyumbani kwake, amekufa bila jeraha, jiko la mkaa kando yake. Mpima upepo alichomoa sufu tunduni, akaikunja taratibu kama nguo ya mtoto. Belarmino, aliyesimama mlangoni, alishindwa kunyamaza.

"Hata tundu la nyumbani kwangu nimeliziba. Mama yangu anasikia baridi, nikaona..."

"Mkaa je?"

"Nimemwachia jiko linawaka."

"Usinieleze, fundi. Kimbia."