Fundi aliyeilamba piano ili isiuzwe

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Newala bado umeng'ang'ania madirisha, na Dastani Nalinga amelala chali sakafuni, kichwa na mabega vimo ndani ya piano. Kinachoonekana nje ni suruali ya kaki na miguu yenye kandambili inayotikisika kila anapokaza kitu.

"Mwalimu, nibonyezee jino la saba kutoka kushoto," sauti yake inatoka humo ndani kama ya mtu aliye kisimani.

Mwalimu Isabela, mkuu wa shule hii ya wasichana, anabonyeza kibao hicho. Sauti nzito inajaa chumba.

"Limerudi juu?"

"Limerudi."

"Lenyewe, au umelivuta kwa ukucha?"

"Lenyewe, Fundi. Nikudanganye ili iweje?"

"Ndugu wa mgonjwa huwa wanadanganya, Mwalimu."

Saa nne bodi ya shule itaingia humu. Ikiikuta piano inalia sawasawa, itabaki. Ikiikuta bado imegandamana, itapakiwa kwenye lori lililokwisha kuegeshwa mbele ya ofisi. Mwenye lori ni mfanyabiashara anayetaka mbao za piano zikawe kaunta ya duka na chuma chake kiuzwe kwa kilo. Hakuna la tatu.

Dastani ana miaka 46. Ni fundi baiskeli wa Lisekese, Masasi, anayeziba pancha na kunyoosha rimu zilizopigwa na mawe ya njia za vijijini. Siku nzuri humpa shilingi mia nane. Lakini tangu mwaka 1973 ana kazi ya pili ambayo majirani zake wengi hawajawahi kuielewa: kusawazisha sauti za piano. Alianza na piano nne. Hii ndiyo iliyobaki.

"Ikiondoka hii, mimi nabaki na pancha tu," anasema huku akijipangusa. "Pancha si mbaya. Ila pancha hainisikilizi."

Hizo tatu nyingine hazikufa kwa uzee, na ni haki zitajwe. Ya kwanza ilikuwa kwenye klabu ya maofisa. Ofisa mmoja aliona inafaa kuwa kabati la vyombo, akaamuru itolewe matumbo. Ya pili ilikuwa kwenye ukumbi uliong'olewa mabati, na masika mbili zikaimaliza. Ya tatu ilikuwa kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha korosho, kiwanda ambacho wakulima waliapiwa kuwa ni chao. Kilipofungwa, na vyombo vyake kupigwa mnada mwaka juzi, kwenye orodha piano iliandikwa: "Samani chakavu, moja."

Aliyeandika hivyo hakufunua hata mfuniko.

"Nilikuwa nimeisawazisha wiki mbili kabla," anasema Dastani. "Haikuwa na kasoro hata kidogo. Ikapakiwa na viti vilivyovunjika na pipa. Nikasema, jamani, hiki ni chombo kizima! Wakaniambia, mzee, sasa ni soko huria, ukiitaka panda dau. Nipande na nini? Na pampu ya baiskeli?"

Ufundi huu alifundishwa na mtawa mmoja wa Kizungu, mzee, ambaye Dastani alikuwa mtunza bustani wake. Mtawa huyo alipokaribia kurudi kwao, aliona hakuna atakayezishughulikia piano za eneo hili, akamwita kijana wa bustani ndani. Walikaa miaka miwili wakikaza na kulegeza nyuzi. Alipoondoka alimwachia spana maalumu, chuma kidogo cha kupimia sauti, na kitabu kimoja cha muziki.

Kitabu hicho kimo mfukoni mwake hata leo, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Jalada liliisha zamani, na jina la mtunzi likaondoka nalo. Anachojua Dastani ni alichoambiwa na mtawa: mtunzi alikuwa Mjerumani wa karne iliyopita, aliandika kwa ajili ya watoto nyumbani, na humo mna vipande thelathini na kimoja, hakuna kinachozidi kurasa mbili.

"Mtu mkubwa, fundi wa kutajika, anakaa kitako anatunga kitu cha dakika moja kwa ajili ya mtoto," anasema kwa mshangao ambao miaka ishirini na miwili haijaumaliza. Na kweli inashangaza, katika nchi ambayo mkuu yeyote akipewa kipaza sauti hajui dakika moja inaishia wapi.

Katika vipande hivyo, Dastani anavijua kumi na viwili tu. Havipigi kwa starehe. Kila kimoja ni kipimo chake, kama fundi mwingine anavyoshika rula. Kipande cha kwanza kinapita katikati, kwa hiyo kinamwonyesha kama nyuzi za kati zimelegea. Cha nne, anachokiita Kupanda Mlima, mkono wa kushoto hupiga chini kwa nguvu, kama lori linavyonguruma likiutafuta uwanda wa Newala kutoka bondeni. Cha tisa anakiita Kigogota. Humo jino moja hugongwa mara kumi na sita mfululizo, upesi, na nyundo isiyorudi mahali pake hujulikana hapo hapo.

"Mimi sijui kupiga piano," hupenda kuwaambia watu. "Najua kuipima."

Ndiyo maana kilichotokea mwezi Machi kilimuuma kuliko mnada wowote. Safari hii aliyeiharibu piano hakuwa ofisa, mvua wala soko. Alikuwa yeye.

Mchwa walikuwa wameingia mguuni mwa piano. Dawa ya dukani, iliyojaa tele siku hizi kwenye rafu, ilikuwa na bei ya kumtania mtu. Dastani akafanya kile ambacho kila mtu wa huku hufanya akiona mchwa kwenye nguzo ya nyumba: akachukua mafuta meusi ya maganda ya korosho. Mapipa ya mafuta hayo yaliachwa yakivuja kwenye kiwanda kilichofungwa, na watu wakayachota kwa makopo. Pengine ndiyo mali pekee ya kiwanda iliyomfikia mwananchi bila mnada.

Alipaka mguu. Akapaka na sehemu ya chini. Kisha, kwa mapenzi yaliyozidi, akapaka na ubao unaoshika nyundo, huko ndani kabisa.

Mchwa walikufa wote. Lakini joto la Aprili liliyayeyusha mafuta, yakatambaa kwenye viungo, yakaziloanisha nyundo, yakapanda hadi kwenye meno. Mwisho wa Mei Mwalimu Isabela alituma barua: meno yanabonyea hayarudi, na msichana wa kidato cha pili, Flora, amebabuka vidole vyote vya mkono wa kulia.

"Nilipofungua mfuniko nikanusa, nilijua ni yale mafuta," anasema Dastani. "Nikaenda ofisini. Nikasema, Mwalimu, usitafute mchawi. Ni mimi."

Mwalimu Isabela anakumbuka. "Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Lakini mtu akikuletea kosa lake mwenyewe mkononi, utagomba na nani?"

Bodi haikuwa na huruma hiyo. Mfanyabiashara alikwisha kutaja bei, na paa la bweni linavuja. Fundi alipewa wiki mbili.

Kulikuwa na nyundo themanini na tano. Alizitoa moja moja, akazipa namba kwa penseli, akaziosha kwa mafuta ya taa na mswaki. Mbao zilitakata. Sufu nzito iliyozivika, ile inayofanya sauti iwe laini, ilikuwa imeungua kama uji uliosahauliwa jikoni. Sufu ya namna hiyo haiuzwi Masasi, na hakuna duka la karibu la kuulizia.

Jibu alilipata sokoni kwenye mitumba. Humo kwenye marobota huja makoti ya baridi ya Ulaya, mazito kama godoro, ambayo hakuna anayeyataka. Walitufungulia milango ili tupate maendeleo, na mlangoni likaingia koti la theluji. Muuzaji, Tahiri, ni Myao. Dastani ni Mmakua. Na watu hao hawawezi kuuziana hata kiberiti bila utani.

"Mmakua na koti la barafu! Unahamia wapi?"

"Nakwenda kukuzika, nisipate baridi makaburini."

"Basi lipia kabisa kabla sijafa. Elfu moja na mia tano."

"Kwa koti ambalo limekaa hapa hadi nzi wanalijua jina? Mia nane."

Alilipata kwa mia tisa. Nyumbani, mkewe Mabel, ambaye wengi humwita Mama Cecil, alilitazama koti, akamtazama mumewe.

"Baba Cecil, nyumba haina sukari."

"Si langu, mke wangu. La piano."

"Ahaa. Kumbe piano ndiyo inayosikia baridi."

Hata hivyo ni Mabel aliyelichemsha koti hilo mara tatu, akalipiga kwa mchi hadi likashikamana, akalikandamiza kwa pasi ya mkaa mpaka likawa gumu kama soli. Walikaa siku nne wakikata vipande na kuvigundisha, yeye mkasi, mumewe gundi. Siku ya nne Mabel aliuliza swali moja: "Na ikikataa?" Dastani alipaka gundi nyundo iliyofuata. Alfajiri iliyofuata alipanda lori la Newala na sanduku la nyundo mapajani, akatumia siku mbili kuzirudisha na kuyaosha meno.

Sasa ni saa nne. Bodi inaingia, watu watano. Mwenyekiti ni Mzee Selestini, karani mstaafu mwenye fimbo. Pembeni yake yuko Bi Pili, mwakilishi wa wazazi. Mfanyabiashara amebaki mlangoni, mikono mfukoni, kama mtu anayengoja mzigo wake ufungwe.

"Haya Fundi," anasema Mzee Selestini. "Inalia?"

"Kabla ya kulia, mzee, tujue kama inauma."

Dastani anainama, anatoa ulimi, na anaanza kulamba meno ya piano, moja baada ya jingine, kutoka kushoto.

Kwanza wajumbe wanatazamana. Lakini hapa kila mtu amekulia mikoroshoni, na kila mtu utotoni alishawahi kung'ata korosho mbichi, midomo ikavimba kwa mafuta ya ganda. Hakuna chombo cha maabara kinachoyajua mafuta yale kuliko ulimi. Wanaelewa, na kwa sababu wameelewa, wanaanza kucheka.

"Fundi, tulikuita utengeneze, hatukukuita ule!"

"Mwacheni," anasema Bi Pili. "Akimaliza mpeni na chai ya kushushia."

Dastani hacheki. Analamba yote themanini na tano, anapangusa kwa kitambaa, anangoja dakika tano nzima akiwa amefumba mdomo. Kisha anaufungua, anawaonyesha ulimi wake kama mtoto kwa mganga. Mwekundu. Mzima.

Anakaa. Anapiga kipande cha kwanza. Katikati ni safi. Anapiga Kupanda Mlima. Chini panajibu, hata vioo vya dirisha vinatetema. Anaingia Kigogota. Moja, mbili, tatu, nne, na jino linanasa chini.

Mfanyabiashara anatoa mikono mfukoni.

"Ngojeni," anasema Dastani. Jasho linamtoka, na Newala asubuhi hii ni ya masweta. Anafunua mfuniko, anaingiza kichwa, anakaa humo muda ambao unaonekana mrefu kuliko hotuba ya bajeti. Anapotoka, ana unyuzi mmoja wa sufu ya kijivu kati ya meno yake. Ulikuwa umejisokota kwenye kiungo cha nyundo. Anautema mkononi, anarudi kukaa, anaanza upya.

Mara kumi na sita. Jino linapanda na kushuka bila kuchoka. Anarudia kwenye jino la jirani, na la jirani wa jirani yake. Mara kumi na sita, mara kumi na sita.

"Inatosha, Fundi," anasema Mzee Selestini kwa upole. "Aitwe yule binti."

Flora anaingia, mikono nyuma. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Vidole vinasemaje?"

"Vimepona."

"Bado vinaniogopa?"

"Kidogo."

"Vina haki. Kaa, upige unachotaka."

Anapiga kipande kifupi kutoka kwenye kitabu kile kile, alichomfungulia Dastani, taratibu, akikosea mara mbili na kujirekebisha. Akimaliza anavigeuza vidole, anavitazama kwenye mwanga. Hakuna kitu. Ndipo Dastani anapopumua. Anasikika chumba kizima, kama tairi linalofunguliwa valvu.

Bodi haikukaa hata robo saa. Piano haiuzwi. Fundi ataendelea kuja mara nne kwa mwaka, shilingi elfu nne kila safari, na hakuna ruhusa ya kupaka chochote bila kumwuliza mkuu wa shule. Lori liliondoka na magunia ya muhogo.

Mchana huu Dastani amekaa kwenye ngazi za darasa na chai aliyoiamuru Bi Pili, miguu ameinyoosha. Anacheka ovyo, hata kwa jambo lisilochekesha. Akiulizwa anataka nini sasa, anafungua kitabu chake kisicho na jalada, anapekua hadi kipande cha kumi na saba.

"Hiki hakipimi kitu. Hakigongi, hakipandi, hakishuki sana. Ndiyo maana sikuwahi kujifunza, nilikiona cha bure. Nataka kujifunza hiki hiki. Shule ikifungwa Desemba, nimpandishe Mama Cecil kwenye lori nimlete hapa, akae kwenye kiti pale. Miaka yote ananiona natoka na spana, hajawahi kusikia ninachokifuata."

Anakipigia hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Dakika moja na nusu," anasema, ameridhika. "Zaidi ya hapo ataanza kuniuliza habari za sukari."