Tope la Jumamosi

Katika kata ile ukiuliza jina la ofisa wa mazingira utazungushwa mpaka uchoke, lakini sema Bibi Afya tu, hata mtoto atakushika mkono akupeleke. Mama wa miaka hamsini na minane, mfupi, mkavu, mwenye buti za mpira ambazo watu walisema analala nazo. Chumba chake kilikuwa mwishoni mwa varanda ya halmashauri. Mlikuwa na meza, kabati la bati, makoleo ishirini na saba yameegemezwa ukutani, mafungu ya glavu, viroba, na kipaza sauti ambacho betri zake hazikuwahi kuwa nzima zote kwa pamoja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi aliwagawia wakazi vifaa hivyo, mtaa huu leo, mtaa ule mwezi ujao. Halmashauri inatoa vifaa, mafunzo na lori; wananchi wanatoa mikono. Mpango wenyewe si mbaya, tusiseme uongo.

Kilichompa sifa ni kwamba watu wakishazibua mtaro na kwenda zao kuoga, yeye habanduki. Atasimama na marundo ya tope mpaka lori lije, na lisipokuja atavuta toroli mwenyewe, rundo hadi rundo, mpaka mtaro ubaki mweupe. Watu wakasema mama huyu ana wito. Mwenyekiti wa halmashauri akampa cheti mbele ya umati, naye akakipokea kwa mikono miwili, akaenda kukifungia kabatini, asikitazame tena. Wito! Mama wa watu alikuwa anaogopa, basi.

Alikuwa anaogopa sauti ya koleo likikwaruza saruji. Akiwa na watu ishirini mtaroni haikumsumbua. Ilimjia pale ambapo hakuna koleo wala mtaro: anapiga muhuri barua mchana kweupe, kwaruu, nyuma ya kiti, ageuke, ukuta. Siku moja mumewe alikuwa jikoni akikwangua ukoko wa wali, akashtukia sufuria imenyakuliwa mkononi. "Mke wangu," akasema mzee yule, mtu wa utani siku zote, "ukoko nao umekuwa mali ya halmashauri?" Hakucheka. Alikwenda kukaa uani, na mumewe akajua si jambo la kufanyia mzaha.

Sasa sikiliza ilivyokuwa, maana yeye alikuwa hajamwambia mtu kwa miaka mitatu.

Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na uchochoro mwembamba, mtaro upande huu, milango ya vyumba upande ule, na kati yake hatua tatu tu. Kwenye kona alikaa fundi viatu mmoja waliyemwita Fundi Soli, na mkewe, na mama yake mzazi. Jumamosi hiyo uchochoro mzima ulitoka. Fundi Soli alichimba kuliko wote, maana kona ndiyo inayoshika taka. Kanuni ya idara inasema tope likitolewa liwekwe hatua tatu kutoka ukingoni, na lisilale hapo. Lori lilizoe siku ileile. Bibi Afya alipita na kipaza sauti chake akiwaambia, "Saa kumi lori liko hapa, msiwe na wasiwasi." Kwa mdomo wake mwenyewe.

Saa nane dereva akapiga simu. Dizeli iliyobaki ni ya safari moja. Aende uchochoroni au barabara kuu, ambako nako taka zimerundikwa? Bibi Afya akakumbuka wageni wa mwenyekiti watapita barabara kuu Jumatatu asubuhi. Akasema nenda barabara kuu, uchochoro utangoja. Maneno machache hivyo. Hata kikombe cha chai hakukiweka chini.

Jumapili alfajiri mvua ikanyesha, ile isiyo na adabu. Tope lililokwisha kulegezwa likateleza lote likarudi mtaroni, likajaa kwenye kona kama kizibo, maji yakakosa pa kwenda yakaingia vyumbani. Uchochoro mzima ulipoteza magodoro na unga. Fundi Soli alimtoa mama yake, akamtoa mkewe, akarudi ndani kuokoa viatu vya watu. Ukuta ukamwangukia.

Jumatatu wakubwa wakataka taarifa. Bibi Afya akakaa na kalamu yake, akaandika kwamba lori liliharibika, na kwamba wakazi, hasa marehemu wa kwenye kona, waliweka tope ukingoni kinyume cha kanuni. La pili lilikuwa kweli. La kwanza lilikuwa uongo mtupu, na ndilo lililolifanya la pili limbebeshe marehemu kosa lote. Dereva alihamishiwa wilaya nyingine mwezi uliofuata, na mambo yakaishia hapo.

Yangeishia hapo, afadhali. Lakini halmashauri ikapenda kisa kile. Ikaamua kila semina ya usafi ianze nacho ili wananchi wajifunze, na wa kukisimulia ni nani? Yeye. Shuleni, sokoni, kwenye vikundi vya akina mama: "Kulikuwa na fundi viatu mmoja, mchapakazi, lakini alipuuza kanuni..." Kila akisema "alipuuza," koleo lilikwaruza nyuma yake. Alijaribu kumeza neno hilo, ikashindikana. Limechapwa kwenye kijitabu cha mafunzo, ukurasa wa pili.

Alikuwa amebakiza mwaka na nusu kustaafu. Akasema moyoni, nivumilie tu, nitakwenda nalo kaburini. Watu husema hivyo, halafu kaburi linachelewa.

Ikaja semina ya kata, ukumbini, saa nne asubuhi, watu sitini hivi kwenye viti vya plastiki. Bibi Afya akafungua kijitabu. Kabla hajaanza, mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Alikuwa mwembamba, amejitanda khanga ya rangi iliyochuja. Ilimchukua muda kumtambua. Mjane wa Fundi Soli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina ombi. Kile kisa cha mume wangu, sikatai mkisimulie. Kinasaidia watu, nimesikia. Ila naomba mkirekebishe." Alikuwa anakunjakunja pindo la khanga. "Hakupuuza yeye. Tope aliliweka hatua tatu, kama mlivyotuambia. Lakini hatua tatu kwetu ni mlangoni. Mimi nikamfokea, nikamwambia unaniwekea uchafu mlangoni, mama yako atapita wapi? Ndipo akalihamisha ukingoni. Akasema, haya, si lori linakuja leo leo. Kwa hiyo mniandike mimi. Yeye mwacheni."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mjane akaendelea, taratibu, kama mtu aliyezoea kujisemesha mwenyewe. "Mama mkwe alinisikia siku ile nikimfokea. Tangu mazishi hakunisemesha tena. Nilikuwa nikimpa maji anayamwaga. Majirani nao wananiita mke wa aliyetuzamisha. Mimi kubeba nimezoea, lakini yeye kila semina mnamtukana, na hawezi kujitetea."

Bibi Afya alitazama kijitabu. Alikuwa na mlango wa kutokea, ndiyo, na mpana: angesema asante mwanangu, tutarekebisha, watu wangepiga makofi. Akaliona hilo waziwazi, akakifunga kijitabu. Miaka mitatu alidhani deni lake ni kwa maiti. Kumbe kuna mtu hai, anayekula, anayelala, anayeamka kila siku akijiita muuaji, kwa sababu ya kalamu yake.

"Kaa, mwanangu," akasema. Kisha: "Hapana, usikae. Lori halikuharibika."

Akasimulia yote. Simu, dizeli, wageni, kikombe cha chai. Hakulia na hakujitetea. "Hata angeliweka juu ya kitanda chake, lingezolewa saa kumi, nilikuwa nimewaahidi. Mimi ndiye niliyeligeuza lori. Mume wako hana kosa. Wewe huna kosa." Ofisa mwenzake aliyekaa mezani akamvuta mkono, "Bibi, Bibi, inatosha." Bibi Afya akauondoa mkono ule.

Mjane alisimama palepale. Hakumtukana, na heri angemtukana. Akajifunga khanga vizuri, akasema, "Hapa hawatujui. Twende ukaseme kwetu."

Wakatoka. Mjane mbele, Bibi Afya nyuma na kofia na buti zake, mpaka uchochoroni nyuma ya mashine ya kusaga. Mlango wa kwanza, fundi cherehani. Bibi Afya akasema tena, tangu mwanzo. Mlango wa pili. Wa tatu, mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate chini, akafunga. Wa nne, mzee akamshika mjane bega. Kwa kila mlango mjane alingoja pembeni, na Bibi Afya akiruka kitu, alimkumbusha: "Na simu. Sema na simu." Milango kumi na moja. Sauti ilikuwa imemkauka, na jua limesimama utosini.

Wakafika kwenye kona. Ukuta ulikuwa umejengwa upya kwa matofali ya rangi tofauti. Mjane akafungua kufuli ya chumba cha pembeni, akasukuma mlango. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa vizuri, jozi ya kandambili chini yake, na bakora imening'inizwa kwenye msumari.

"Na mama mkwe," akasema mjane.

Bibi Afya akachungulia. "Yuko wapi?"

"Alikufa mwaka jana, kabla ya mvua. Siku tatu za mwisho alitaka maji, na mimi tu ndiye niliyekuwepo. Akanigeuzia uso ukutani mpaka roho ikatoka."

Bibi Afya akashika mwimo wa mlango. Alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe halina uzito wowote. Mjane akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kile kitanda kitupu.

"Keti," akasema. "Mwambie."

Bibi Afya akaketi. Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Shikamoo, mama," akaanza. "Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Dereva alinipigia simu..."