Fimbo ya Pool ya Baba

Harufu ya vanishi mbichi hunichefua hadi leo. Wengine huipenda, huniambia inanukia nyumba mpya. Mimi nikipita penye karakana ya seremala miguu huanza kuniuma, kwa sababu likizo moja nzima ya utoto wangu niliimaliza nimesimama juu ya maranda ya mbao, nikimsubiri baba aseme anataka nini.

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kusaga pale Buswelu, na mchezaji wa pool wa kuogopwa. Kisha mkanda wa mashine ukampitia mkono wa kulia. Mkono ulipona, ila vidole viwili vya mwisho viligoma kukunjika, na fimbo za pale kijiweni zikawa zinamchoropoka. Akaacha kucheza. Akawa anakaa kwenye benchi akiamua ugomvi wa wenzake, vijana wakaanza kumwita Refa. Kijiweni alicheka nao. Nyumbani hakuwa anacheka.

Ndipo akaamua kuchongesha fimbo yake mwenyewe, nene kwenye kishikio. Mama akanituma niandamane naye, eti nimsaidie kubeba. Ukweli ni kwamba alitaka mtu wa kumkumbusha kurudi nyumbani.

Fundi wa kwanza alikuwa seremala jirani yetu.

"Unataka unene gani?" akauliza.

"Wa kawaida," baba akajibu, mkono wa kulia umezama mfukoni.

"Kawaida ya nani?"

"Wewe si fundi bwana? Tengeneza vizuri tu."

Tulichopewa kilikuwa kinene mno, hata mama alikitazama akauliza kama tumeleta na kinu chake.

Wa pili alikuwa ng'ambo ya ziwa, Kamanga, mtengenezaji wa makasia. Tukapanda kivuko, mimi na viatu vyangu vya kanisani vilivyokuwa vimeanza kunibana. Baba akamweleza: iwe nzito, lakini isielemee. Iwe nene, ila sio sana. Yule fundi alisema, "Sawa, mzee," kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa ila anataka kwenda kula. Fimbo ikatoka nyembamba na ndefu kama ya kusukumia mtumbwi. Njia nzima ya kurudi baba aliwalaumu mafundi wa siku hizi, nami nilitamani kuitupa ziwani nipate amani.

Wa tatu tulielekezwa Kisesa, upande wa kwenda Bujora. Fundi Masalu alichonga vigoda na ngoma, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko tezo lake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniuliza jina, nikamwambia Kabula, kisha akamsikiliza baba mpaka akachoka.

"Baba Kabula," akasema, "unaniagiza kama mtu anayeficha mgonjwa ndani. Haya, shika huu mpini wa fagio, unionyeshe unavyopiga."

Baba akaupokea kwa mkono wa kushoto.

"Kumbe wewe ni wa kushoto?"

"Hapana."

"Sasa mbona…"

"Wewe chonga tu, fundi. Ya kawaida."

Niliposikia tena hiyo kawaida, uvumilivu ukaniishia.

"Baba, mwonyeshe mkono," nikasema. "Vidole havikunjiki. Atajuaje?"

Tezo lilisimama. Baba alinitazama, nikajua jioni hiyo nitachapwa. Halafu akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza ya kazi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Fundi Masalu hakumpa pole. Alikata vipande vya mpira wa baiskeli, akauzungushia ule mpini, akaongeza, akapunguza, akiuliza, "Hapa? Na hapa je?" Na baba, ambaye hakuwahi kumjibu fundi yeyote swali likajibika, akaanza kujibu. Akainama, akavuta mkono nyuma, akasukuma. Mpini haukuchoropoka. Akarudia, kisha akarudia tena, ingawa hakuna aliyemwomba.

Fimbo ilichongwa kwa mbao ya mninga. Jumapili baada ya ibada baba aliipeleka kijiweni, akafungwa na kijana ambaye zamani baba angemfunga huku anapiga mswaki. Akadai mchezo mwingine. Hakunichapa, wala hajawahi kuitaja siku ile ya Kisesa.

Siku hizi mimi ni fundi cherehani. Mwanamke husimama mbele ya kioo changu akaniambia, "Dada, shona unavyoona wewe, ila isibane huku," halafu hapo penyewe hapagusi. Nguo ikiisha anairudisha. Nakereka, nisiwadanganye. Lakini utotoni niliamini baba hajui anachotaka, na sasa naona alikijua tangu siku ya kwanza. Kilichomshinda ni kukisema mbele ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo nafunga mlango, namvutia mteja kiti, na kabla sijagusa utepe namuuliza, "Panauma?"

Wengi huketi kwanza, ndipo hunijibu.