Kiti cha Chifu Kilikuwa Uongo Wangu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, wageni watafiti wa mambo ya kale walipofika kwetu Mungaa wakanichukua niwe mkalimani. Nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliishia darasa la tatu, lakini Kiswahili nilikijua kuliko wenzangu, na kichwa kilikuwa kimevimba. Kule mlimani wakanionyesha jiwe kubwa lililobonyea katikati, laini kama limepakwa mafuta. Wakauliza, "Hili ni nini?"

Mwanangu, sikujua. Kusema sijui mbele ya wageni niliona aibu. Nikajibu, "Kiti cha chifu." Wakafurahi, wakaandika.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiokota kuni hapo hapo. Mgeni mmoja akataka aulizwe naye. Nikasema, "Huyo mwacheni, hajui Kiswahili." Ni kweli, alisema Kinyaturu tu. Sasa mkalimani alikuwa nani, kama si mimi mpumbavu?

Nyumbani nikajisifu. Bibi akaacha kula.

"Mama yangu alisagia uwele kwenye jiwe lile mpaka vidole vikapinda. Limebonyea kwa mikono ya wanawake. Wewe leo umemkalisha mwanamume juu yao. Nani amekutuma?"

Wageni walikuwa wameshaondoka. Bibi akafa, nami nikanyamaza. Nikafyatua matofali, nikanunua ng'ombe, nikajenga, sikuomba mtu. Uongo wangu nao ukakua.

Mwaka huu wamekuja wanafunzi wa chuo, wanachimba mlimani pale pale pamoja na vijana wa kijiji ili wafundishane. Jambo zuri. Nikapanda kuwaona. Nikamkuta Daudi, kijana wetu, ameshika chekecheo la kuchujia udongo, anatangaza, "Hapa ndipo alipokaa chifu!" Binti wa chuo, Neema, anaandika mbio mbio.

"Nani kawaambia?" nikauliza.

"Shikamoo babu," Neema akasema. "Imo kwenye ripoti ya zamani."

"Marahaba. Futa."

"Lakini babu, waliandika wataalamu."

"Na wataalamu waliambiwa na nani? Na mimi! Nilidanganya! Hapo wanawake walisaga uwele. Futa!"

Daudi akacheka. "Leo babu kampindua chifu!"

Damu ikanipanda. "Wewe bibi yako yuko hai, amesaga kwenye jiwe toka usichana. Umemuuliza?"

"Aa, babu, bibi anaongea ya zamani tu."

"Na hapa mnachimba nini, ya kesho?"

Neema akafuta. Kisha akaniuliza kwa upole, "Babu, huyo mama yake bibi yako aliitwa nani? Nimwandike."

Sikulijua jina lake. Sikuwahi kuuliza.

Ndiyo maana nina hasira, mwanangu, na nyingi ni juu yangu mwenyewe. Sikiliza. Usichokijua, sema hukijui, hata mgeni akunje uso. Wewe wa chuo, ripoti isikuzibe masikio, na mtu wa kijiji si wa kubeba ndoo za udongo tu. Wewe wa kijijini, lugha ya mama yako ndiyo elimu uliyowazidi nayo hao, usiifiche. Kabla hujachimba, kaa chini kwa bibi, msalimie, muulize, andika na jina lake kamili. Akishazikwa, hakuna chekecheo litakalokupa jina hilo.

Mungu akupe umri, akupe na moyo wa kuuliza. Haya, nenda ukamuulize. Bibi yako ameshaamka.