Mgongo wa Naziha

Mkono wa kulia wa Batuli ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Miaka thelathini alikuwa akisugua migongo ya wanawake katika hamamu ya mtaani kwao, mjini Meknes, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana kama zabibu kavu, hata asubuhi kabla hajagusa maji. Macho yake madogo hayakupitwa na kitu. Ndiyo maana kila mama aliyetaka kumwozesha mwanawe alimjia yeye kwanza: nitazamie binti wa fulani, nywele ni zake, ngozi ni safi, ana kovu?

Siku hiyo Lalla Zuhur alikuwa amekaa chumba cha nje, anamenya machungwa na mashoga zake, anangoja habari za Ghita, binti aliyekuwa akioga ndani, ambaye alimtaka kwa mwanawe wa pili. Mke wa yule wa kwanza, Naziha, alikuwa ndani, kajifunika taulo mgongoni kwenye joto lote lile.

"Toa hilo taulo, mwanangu, nikusugue."

"Leo miguu tu, mama."

"Miguu tu! Umekuja kuoga au kutawadha?" Batuli akacheka, akalivuta.

Milia minne, myekundu, kutoka begani hadi kiunoni, na mwisho wa kila mmoja alama ya pembe nne, pale kilipotua chuma cha mkanda. Miaka miwili nyuma alikuwa ameusifu mgongo huu huu kwa Zuhur: mweupe, hauna hata kipele. Glavu ya kusugulia ikamponyoka.

"Ya Rabi! Mumeo?"

"Na mama yake anashika mlango." Naziha hakulia. "Na Ghita naye utamsifia, mama?"

Batuli akakaa chini majini. Nje ya habari za posa, siri za miili ya watu hakuwahi kuzitoa, alimwogopa Mungu.

"Nikisema, utarudi wapi wewe?"

"Furushi langu umeliona lilivyo kubwa? Nguo zangu zote zimo. Nikitoka hapa nakwenda kwa mama. Sema."

Batuli akatoka hadi chumba cha nje, maji yanamchuruzika.

"Haya, nipe habari," Zuhur akasema. "Maana wewe ukikawia hivi, huyo binti ana walakini."

"Shingo nyembamba. Bega la kushoto limevimba."

"Kibiongo?"

"Mgongoni ana milia minne ya mkanda. Mmoja bado unatoa maji."

"Astaghfirullah!" Zuhur akaweka chungwa chini. "Na wazazi wake walitaka kutubandika huyo! Binti wa kupigwa hivyo kafanya nini?"

"Sijamwangalia Ghita, Lalla. Huyo ni mkweo. Na mlango uliushika wewe."

Mwanamke aliyekuwa akichana nywele akabaki na kitana hewani. Zuhur akafunga furushi lake na kutoka na nywele mbichi, yeye ambaye hata kiangazi alijifunga vitambaa viwili akiogopa mafua.

"Posa hiyo imeoza," mtu akanong'ona.

Batuli akaegemea ukuta, anaomba msamaha kwa Mola wake bila kujua ni kwa lipi: kwa aliyoyasema leo, au aliyoyasema miaka miwili iliyopita. Kule ndani Ghita alikuwa akimwagiana maji na wenzake, anacheka, hajui kama kulikuwa na mtu anamngoja.