Matembezi ya Kumkwepa Kukhu

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali chakula pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Sioni ubaya wa mila hiyo. Nimewaona wakwe wengi ambao ingefaa wasijuane kabisa. Lakini jaribu kwenda nayo likizo, kwenye boma lenye lango moja tu.

Baba alikuwa mtu wa Mulanda, fundi wa reli pale Tororo. Mama alikuwa Msamia, mzaliwa wa kando ya ziwa, kusini ya Busia. Katika nyumba za reli tulikokaa tulisema Kiswahili, kwa sababu kila mmoja wao aliiona lugha ya mwenzake ngumu bila sababu. Uhuru ulikuwa bado mpya, baba alipopata likizo, na mama akasema tunakwenda kwao. Hakuwa amemwona mama yake tangu mdogo wangu azaliwe, na mdogo wangu alikuwa ameshaanza kujibu watu. Baba alikuna kichwa, akakubali. Tulipanda basi hadi Busia, tukamalizia safari kwa lori la samaki lililokuwa likirudi tupu, tukafika tukinuka kama mzigo wake.

Bibi yetu tulimwita Kukhu, kama wanavyoita Wasamia. Baba alipewa kitanda kwa mjomba, nje ya ua, lakini njia ya kutoka kwa mjomba ilipita mbele ya jiko la Kukhu. Kila baba alipotaka kupita, mjomba alitangulia akikohoa, na Kukhu akikisikia kikohozi alikimbilia ndani na mwiko wake mkononi. Siku ya kwanza ugali uliungua mara mbili. Siku ya pili mama alisema yatosha: kila asubuhi baba atatuchukua twende kutembea, ili mama yake apate kukaa nyumbani kwake kama binadamu.

Ndivyo tulivyoanza matembezi yetu. Baba alivaa koti na kofia, akabeba birika la chai, mama akabeba kikapu cha viazi vitamu na samaki mkavu, nasi tukafuata nyuma na nguo za kanisani. Watu wa kule walikuwa hawajapata kuona jambo kama hilo. Familia nzima ikitoka na chakula na nguo safi, basi kuna msiba au kuna posa. Mvuvi mmoja alitusimamisha akavua kofia.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa," baba akasema. "Sisi natembea tu."

"Natembea kwa nani?"

"Kwa hakuna mtu."

Yule mvuvi alitutazama kwa huruma, akatuongezea samaki. Tulipanda kilima tukakaa juu yake bila kazi. Siku nyingine tulikwenda kutazama watu wakianika dagaa, hata mwanamke mmoja akachoka kutazamwa, akatupa dagaa sisi pia tuanike. Baba alianika na koti lake. Nilikuwa na miaka tisa, na niliona aibu ya kutosha watu wawili.

Siku yenyewe ninayotaka kuisimulia, tulimwambia Kukhu tunakwenda upande wa sokoni. Tulikuwa hatujafika mbali jua likatuchapa, mdogo wangu akakaa chini akagoma. Baba akageuza safari: twendeni ziwani, tuoge. Hakuna aliyekumbuka kurudi kumwambia Kukhu. Mama alipitia kwenye mitumbwi kununua samaki, akambeba mdogo wangu mgongoni. Mimi nikabaki na baba kwenye miamba, yeye akaenda nyuma ya jiwe kubwa, akavua nguo zote, akaingia majini. Mimi nilikaa upande wa pili nimempa mgongo, kama nilivyofundishwa, nikichezea konokono.

Ndipo nikamwona Kukhu anashuka na karai la mihogo iliyolowekwa, anaimba. Alikuwa na furaha, maskini. Kwa mara ya kwanza wiki ile hakuna aliyemkoholea. Aliweka karai chini, akaanza kuosha mihogo yake karibu kabisa na lile jiwe lenye nguo za baba. Alinisalimia, akauliza kama tumerudi mapema kutoka sokoni. Nilisema ndiyo. Kwa upande nilimwona baba amezama nyuma ya jiwe lililokuwa ndani ya maji, umebaki utosi na macho mawili. Watu husema maji yamenifika shingoni. Yeye yalimfika kweli.

Ilikuwa inachekesha, na nilijizuia kucheka. Mkwe kumwona mkwe amevaa ni haya. Kumwona uchi ni jambo ambalo sikuwahi hata kulisikia likitajwa. Nilijua baba angekaa mle mpaka mihogo yote iishe.

Kisha nikaliona gogo. Lilitoka kwenye matete, likaja taratibu, na upepo ulikuwa unavuma kwenda upande mwingine. Baba hakuliona, macho yake yalikuwa kwa mama mkwe wake. Nikisema "baba", nimemvua nguo mara ya pili mbele ya Kukhu. Nisiposema, sina baba.

"Kukhu," nikasema, "mamba."

Aliinua macho, akaliona gogo. Kisha akayafuata macho yangu, akaiona kaptura juu ya jiwe, akaiona kofia. Hakuuliza kitu. Alivuta leso akajifunika kichwa na uso wote, akayapa maji kisogo, akamwaga mihogo yote mchangani. Akaokota jiwe, akaanza kulipiga lile karai, huku akirudi kinyumenyume kuelekea majini, mpaka maji yakamfika magotini.

"Toka!" alipiga kelele kwa Kisamia. "Toka, mtoto wa watu! Mimi sina macho!"

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia baba tangu amwoe binti yake. Baba hakujua Kisamia, lakini hayo aliyaelewa. Alitoka mbio, akanyakua nguo, akapotelea kwenye matete akiacha kofia. Nami nilimvuta Kukhu kwa leso hadi nchi kavu. Tulipogeuka, gogo halikuwepo. Mjomba baadaye alisema labda lilikuwa gogo kweli. Gogo gani linaondoka lenyewe?

Nililia kwa sababu baba alikuwa mzima, na Kukhu akanipiga kofi dogo ninyamaze, kisha akanikumbatia.

Jioni baba alifunga mizigo. Alikaa kwa mjomba, amegeukia ukuta, akasema atarudi Tororo asubuhi na hatakanyaga tena pale. Mama alilia kimyakimya. Alijua mume wake akiondoka hivyo, naye njia ya kwao imefungwa.

Ndipo tukasikia mtu anakohoa nje. Alikuwa Kukhu, amekuja mwenyewe, amesimama nyuma ya ukuta wa udongo ambao baba alikuwa ameugeukia. Alisema na mama kwa sauti ya kusikiwa na watu wote.

"Mwambie mumeo haya yetu ya ukwe ni yangu na yake, na mimi ndiye mkubwa. Leo nimeiweka kando kidogo, kesho nitaiokota. Angeliwa na mamba, haya hiyo ningewapikia wajukuu wangu?"

Mama alitafsiri huku akifuta machozi. Mabega ya baba yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Nje ya ukuta Kukhu naye akaanza. Walicheka hivyo hata wakakosa pumzi, mmoja huku, mwingine kule, bila kuonana.

Asubuhi mjomba alikohoa, Kukhu akakimbilia ndani na mwiko wake. Baba alipita mbele ya jiko na birika la chai, akakuta kofia yake imewekwa juu ya kinu, imefuliwa na kukaushwa. Aliivaa, tukaenda kutembea.